Zamu ya Argiro

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa ugomvi juu ya divai.

Kaliroi alisimama kwenye lango la makaburi, chupa mbili mkononi, akimwambia shemeji yake kwamba divai aliyoleta haifai kuoshea hata sufuria, sembuse mifupa ya dada yake.

"Umeinunua kwa nani hii, Polikroni?"

"Kwa binamu yako."

"Nilijua tu. Mwizi yule." Alimimina kidogo kiganjani, akaonja, akakunja uso. "Haya, itafaa. Argiro hakuwa mtu wa kuchagua. Angekuwa mtu wa kuchagua, wewe ungempatia wapi?"

Polikroni alicheka kidogo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mlinzi wa mnara wa taa wa Rasi Melano, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Anemusa. Asubuhi ile, kama asubuhi zote, alikuwa amezima taa jua lilipochomoza, akafunga mapazia kukizunguka kioo kikubwa ili miale ya jua isipenye ndani yake ikaunguza kitu, kisha akabeba sepetu na kutembea saa mbili mpaka kijijini. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mwaka 1958. Mkewe alikuwa ametimiza miaka mitatu chini ya udongo.

Kisiwani pale udongo ni mchache na mwamba ni mwingi. Maiti hukaa ardhini miaka mitatu, kisha watu wake humfukua, huiosha mifupa kwa divai, huianika juani na kuiweka kwenye sanduku dogo lenye jina, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Mifupa ikitoka mikavu, yenye rangi ya asali, jamaa hushusha pumzi. Marehemu wao amepumzika.

"Hebu nikuone," Kaliroi alisema, akamshika kidevu na kumgeuza uso kwenye mwanga. "Tazama. Una mikunjo ya mto shavuni. Tangu dada yangu afe unalala kama paka wa kanisa. Mlinzi gani wa taa ana alama za mto?"

"Niache, shemeji."

"Nakutania tu."

Polikroni alichukua sepetu akaingia ndani ya lango.

Padri Anthimo alisoma sala fupi, akarudi nyuma hatua mbili ili asichafue kanzu. Polikroni alichimba taratibu, kama mtu anayelipia kila pigo kwa mgongo wake. Kaliroi alisogeza udongo kwa mikono. Alitarajia ardhi iliyoshikamana, yenye mizizi. Udongo ulikuwa laini, umevurugika, kama uliogeuzwa juzi.

Ndipo harufu ikapanda. Haikuwa harufu ya uozo, wala ya unyevu.

"Ni nini hicho?" Kaliroi aliuliza kwa sauti ya chini.

Polikroni aliijua, kama mtu anavyoijua harufu ya nguo zake mwenyewe. Ilikuwa grisi ya mtambo.

Mbao za jeneza zilikuwa zimeoza, zilimeguka alipozigusa. Sanda nayo ilikuwa vipande vipande. Lakini chini ya sanda hapakuwa na mifupa. Argiro alikuwa amelala vilevile walivyomlaza, ngozi imekauka na kukoza rangi, nywele zote kichwani, kope zimefumbwa. Kaliroi alitoa sauti moja fupi, akajiziba mdomo kwa kitambaa chake.

Padri alijipiga ishara ya msalaba. "Anashikiliwa," alisema.

Hakuna mtu wa Anemusa asiyejua maana ya neno hilo. Mwili usiooza ni wa mtu ambaye kuna kinachomshika huku juu: laana, deni la maneno, mtu asiyetaka kumsamehe.

"Anashikiliwa na nani, Baba?" Kaliroi alisema. "Argiro? Yule hakuwahi kufukuza hata kuku wa jirani."

"Mimi sijui, binti yangu. Nasema ninachokiona."

Polikroni hakuwa akiwasikia. Alikuwa akitazama mikono. Siku ya mazishi waliikunja kifuani na kuifunga kwa utepe mweupe. Utepe ulikuwa umekatika. Mikono ililala ubavuni, viganja vikitazama juu, vyeusi kwa grisi mpaka kwenye mistari ya ngozi. Kucha zilikuwa zimelika. Na chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia palikuwa na lengelenge. Jipya. Bado lilikuwa na maji.

Padri aliamuru wamfunike kwa shuka na udongo mwepesi. Alisema atamsomea sala usiku huo wote, na kesho baada ya ibada ya asubuhi watatazama tena. Kisha akamgeukia Polikroni.

"Mimi nitasoma," alisema, "lakini aliyemshika ndiye wa kumwachia." Alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kaliroi alimfuata Polikroni mpaka nje ya kijiji, penye kiwanja cha mawe cha kupuria ngano. Hapo akamshika mkono wa shati.

"Nionyeshe viganja vyako."

"Vya nini?"

"Nionyeshe, nimesema."

Alivionyesha. Ukiondoa vumbi la kaburi, vilikuwa safi. Viganja vya mwalimu, au karani.

"Miaka ishirini umekuwa ukija kula kwangu Jumapili," Kaliroi alisema, "na miaka ishirini nimekuwa nikikutukana kwa sababu ya grisi kwenye kitambaa changu cha meza. Mara ya mwisho nilikutukana lini? Sikumbuki. Wewe unakumbuka?"

Polikroni aliketi juu ya jiwe. Alikuwa amechoka, na alijua kwamba hatainuka pale bila kusema.

"Unajua Yorgaki, mlinzi mwenzangu, alipostaafu kwa sababu ya macho, hawakuleta mtu wa pili," alianza. "Mtambo unaozungusha kioo hujazwa kila baada ya saa tatu, kama saa ya ukutani. Usipojazwa, uzito wa chuma unaouendesha unafika chini, taa inasimama. Meli ikiona taa iliyosimama inadhani ni taa ya mahali pengine. Inaingia kwenye mwamba. Mtu mmoja hawezi usiku mzima, kila usiku. Argiro akachukua nusu yake. Mimi mpaka saa sita, yeye mpaka alfajiri."

"Hayo nayajua."

"Kuna maneno. Anayetoka kwenye zamu husema, 'Taa yako.' Anayeingia husema, 'Taa yangu.' Walinzi wote husema hivyo. Ukishajibu, huondoki kwenye mtambo mpaka mwenzako aje akupokee kwa maneno yaleyale. Hata nyumba ikiungua."

Kaliroi aliketi juu ya jiwe la pili.

"Alipougua homa, nilikesha peke yangu siku nne. Usiku juu, mchana nikimuuguza. Usiku wa tano nilishuka saa sita kumpa maji. Miguu ikakataa. Nikaketi kwenye kiti pembeni ya kitanda." Alivuta pumzi. "Nikasema, 'Taa yako, Argiro.' Sikuwa nimekusudia. Mdomo ulizoea."

"Naye?"

"Akasema, 'Taa yangu.' Nikalala."

Upepo uligeuza makapi ya zamani kiwanjani. Kaliroi alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Ulipoamka alikuwa amekufa kitandani. Ndivyo ulivyotuambia."

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Polikroni."

"Nilimkuta kwenye ngazi. Ngazi ya tatu kutoka juu. Nilimbeba nikamrudisha kitandani." Alitazama viganja vyake safi. "Mtambo ulikuwa umejazwa mpaka mwisho."

"Na tangu siku ile? Baada ya saa sita, nani anajaza?"

"Wiki ya kwanza nilidhani ni mimi mwenyewe, usingizini."

"Na wiki ya pili?"

"Nilikuwa nimechoka, Kaliroi."

Alimpiga kofi. Halikuwa kali.

"Na yeye?" alisema. "Yeye hakuchoka? Miaka mitatu, kila usiku, anatoka shimoni kwenda kukufanyia kazi ukiwa unakoroma?" Alifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Leo ukampokee. Kesho nataka mifupa ya dada yangu. Nisipoiona mifupa, mezani kwangu usije tena, na Mungu asinipe nafasi ya kukuzika."

Polikroni aliwasha taa jua lilipozama, akajaza mtambo. Saa tatu akajaza tena. Mambo hayo aliyafanya kila siku, na mikono haikuhitaji akili yake. Kioo kilizunguka juu ya kichwa chake, mwanga ukaenda baharini na kurudi. Kwa kawaida, kabla ya saa sita, angeshuka chumbani, anawe mikono, avue viatu na kujifunika mpaka masikioni. Miaka mitatu alikuwa amejifunika mpaka masikioni.

Safari hii alivuta kiti mpaka penye mtambo, akaketi.

Saa sita kasoro dakika mbili, mlango wa chini ulifunguka.

Alikuwa ameufunga kwa komeo.

Hatua zilipanda. Hazikuwa za haraka. Zilikuwa hatua za mtu aliyemaliza siku ndefu na ambaye bado ana kazi. Zilipofika karibu na juu zilisita mahali pamoja. Ngazi ya tatu. Kisha zikaendelea.

Hakuona mtu. Aliona mpini wa mtambo ukitikisika. Ukaanza kuzunguka, polepole, mnyororo ukilia, uzito ukipanda ndani ya mnara. Mzunguko mmoja. Wa pili. Katikati ya kila mzunguko palikuwa na mapumziko mafupi, kama ya mtu anayebadilisha mguu wa kuegemea. Argiro alijaza hivyo. Mgongo ulimuuma tangu alipoharibikiwa mimba ya pili.

Polikroni alisimama. Aliweka mkono juu ya mpini.

Alitarajia baridi. Chini ya kiganja chake palikuwa na mkono mwingine, na mkono huo ulikuwa na joto. Joto la mtu aliyefanya kazi. Alihisi ukakasi wa ngozi. Alihisi lengelenge.

"Argiro," alinong'ona. "Nimekuja kukupokea."

Mpini uliendelea kuzunguka, ukiuburuta mkono wake.

"Nipe zamu. Sema maneno."

Mzunguko mwingine. Alijaribu kuuzuia, ilikuwa kama kuzuia mlango wenye watu watatu upande wa pili.

"Argiro, mpenzi. Tafadhali."

Mpini ukasimama.

Sauti ilitoka karibu sana na sikio lake. Haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira, ingekuwa rahisi.

"Umelala vya kutosha?"

Polikroni alishika mpini kwa mikono yote miwili.

"Nimelala miaka mitatu," alisema.

Mwanga ulizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Taa yako," sauti ilisema.

"Taa yangu."

Mkono ulitoka chini ya mkono wake. Mpini ukawa mwepesi, chuma tu. Hatua zilianza kushuka, na zilishuka tofauti na zilivyopanda. Zilikuwa nyepesi, kama za msichana anayetumwa dukani na kupewa ruhusa ya kuchelewa. Mlango wa chini haukusikika ukifungwa.

Polikroni alilia. Kisha akamaliza kuujaza mtambo mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, na alipomaliza alifungua daftari la zamu akaandika saa sita na jina lake. Aliketi. Alikuwa na amani ambayo hakuwa ameionja tangu kabla ya homa. Upepo ulikuwa umetulia. Kioo kilizunguka juu yake bila sauti, mwanga ukienda na kurudi, ukienda na kurudi. Alikuwa ametembea saa nne siku hiyo. Alikuwa amechimba kaburi na kulifukia.

Alifumba macho ili kuyapumzisha.

Alipoyafumbua, saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

Hakusogea. Alihesabu. Mtambo uliojazwa saa sita huisha saa tisa. Saa tisa ilikuwa imepita. Ilikuwa imepita kwa muda mrefu.

Kioo kilikuwa kikizunguka.

Aliinuka, akachungulia kwenye tundu la katikati ya mnara. Uzito haukuwa chini. Ulikuwa juu, karibu na juu kabisa. Ulikuwa ukining'inia pale na kuyumba kidogo, kama kitu kilichoachwa sasa hivi.

"Nimejaza mwenyewe," alisema kwa sauti, ndani ya chumba kitupu. "Niliamka, nikajaza, nikalala tena."

Alitazama viganja vyake. Grisi ya saa sita ilikuwa imeshakauka. Hapakuwa na nyingine.

Alibaki amesimama mpaka kulipopambazuka, na hakuthubutu hata kuegemea ukuta.

Asubuhi alizima taa, akafunga mapazia, akanawa uso, akatembea saa mbili mpaka kijijini. Padri Anthimo alikuwa tayari kaburini, macho mekundu kwa kukesha. Kaliroi alikuwa ameshaanza kuondoa udongo. Hakumsalimu.

Polikroni aliinua shuka.

Mifupa ilikuwa pale. Mikavu, mizuri, yenye rangi ya asali, imelala kwa mpangilio kana kwamba haikuwahi kuvaa nyama. Kaliroi alipiga magoti. Alilichukua fuvu kwa mikono miwili, akalibusu kwenye paji, akaliweka kifuani.

"Amepumzika," alisema, machozi yakimtiririka. "Baba, tazama rangi. Amepumzika." Kisha alimtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu jana. "Umempokea."

"Nimempokea."

"Alisema kitu?"

"Aliuliza kama nimelala."

Kaliroi alicheka huku akilia. "Ndiye huyo. Ndiye dada yangu huyo."

Alimimina divai kwenye bakuli na kuosha fuvu. Polikroni alianza na miguu, akapanda na mapaja, mbavu, uti wa mgongo. Kila mfupa aliuosha, akaufuta, akauweka kwenye kitambaa cheupe juani. Mkono wa kushoto ulitoka wote, mpaka vifupa vidogo vya vidole, laini kama kokoto za ufukweni.

Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo.

Alipekua udongo kwa vidole. Alipekua tena, akilipondaponda kila bonge. Alipekua mara ya tatu, mpaka kwenye mwamba. Hapakuwa na kidole. Hapakuwa na kifupa hata kimoja. Udongo ulikuwa udongo tu.

"Umepoteza nini huko chini?" Kaliroi aliuliza.

"Naangalia kama kuna kilichobaki."

"Na kipo?"

Angeweza kusema. Padri angefunika kaburi tena, na Kaliroi angemrudisha mnarani, na usiku angeketi tena kwenye kiti kile, mbele ya mwanga ule unaokwenda na kurudi, na angelazimika kukaa macho mpaka alfajiri. Usiku huo, na unaofuata, na kila usiku uliobaki. Aliyajua macho yake; yangefumba tena.

"Hakuna," alisema. "Mifupa yote ipo."

Aliikusanya yeye mwenyewe, hakumwachia mtu mwingine. Ile ya mkono wa kulia aliiviringisha kwenye kitambaa, akaiweka chini kabisa sandukuni, na mingine juu yake. Alifunga kifuniko kwa kamba, fundo mara mbili.

"Leo kalale mchana, shemeji," Kaliroi alimwambia kwa upole ambao hakuwahi kumpa. "Umetimiza kazi yako. Macho yako yamekwisha."

"Nitalala."

Alilibeba sanduku mpaka chumba cha nyuma ya kanisa, akaliweka kwenye rafu ya chini, kati ya sanduku la mama mkwe wake na la mtu asiyemjua. Padri alikuwa amelipaka rangi ubavuni, herufi nyeupe, jina na mwaka. Polikroni alisimama mbele yake kidogo. Kisha aliinama, akaligeuza sanduku, jina likatazama ukuta.